Kumpima Kaniki sukari nyumbani, Juni mpaka Julai

Jumapili 1 Juni

Naanza kuandika leo maana namba zimeshakuwa nyingi kichwani. Kaniki ni paka wangu dume, ana miaka 11, mweusi tii ndo maana ya jina, kahasiwa, alikuwa kilo 6 na kitu na saivi ni 4.8. Mwezi uliopita nikaona anamaliza bakuli la maji kabla ya adhana ya adhuhuri, na mchanga wake wa kukojolea unalowa mpaka chini. Daktari wa mifugo kampima sukari ya damu akakuta 24.6, yaani ana kisukari. Akatuanzishia insulini ya glargini, uniti 1 saa moja asubuhi na uniti 1 saa moja usiku, alafu akaniambia jambo ambalo ndo limeuzaa mradi huu: paka akiogopa sukari yake inapanda kwa woga tu, kwa hiyo hii namba ya hapa kliniki tusiitegemee peke yake, kampime nyumbani akiwa ametulia. Na kweli, tulikuwa tumetoka Sakina kwa bajaji, Kaniki kwenye kikapu analia njia nzima, tumefika kwenye benchi kuna mbwa wawili wanambwekea.

Mashine ya kupimia sukari tunayo tayari, Mama anaishi na kisukari mwaka wa 9 huu. Namba zangu zote ni milimoli kwa lita, wenye mashine za miligramu zidisheni mara 18.

Jumatano 4 Juni

Stripu 7 (vile vijiti vya kupimia vinavyochomekwa kwenye mashine), jibu 1. Nimeumia sana, sio kwa hela tu, ni kwa sababu yule mnyama nimemchoma mara zote hizo na hana kosa.

Unatakiwa kuchoma pembeni ya sikio, kuna mshipa mdogo unazunguka ukingo wa nje, unachoma ile sehemu nyembamba kati ya mshipa na ukingo, sio mshipa wenyewe. Sasa kwa paka mweupe unauona, kwa Kaniki sikio lote ni jeusi kama mkaa, huoni kitu. Nikaomba Mama amulike na tochi ya simu kwa nyuma ya sikio, hapo ndo mshipa ukatokea, mstari mwekundu kabisa. Lakini hata baada ya kuuona damu haitoki. Mama akanitazama akasema, "Mwanangu, mimi mwenyewe asubuhi za mwezi huu kidole hakitoi damu mpaka nishike kwanza kikombe cha chai." Ni kweli, Arusha ya Juni saa moja asubuhi sikio la paka ni la baridi, na sikio la baridi damu yake imejificha.

Jumapili 8 Juni

Imekubali! Siku tatu mfululizo jibu linapatikana kwa stripu moja au mbili. Nilichobadilisha ni hiki. Soksi ya mtoto nimeijaza mchele mkavu, mchele naupasha kwenye kikaangio, naumimina kwenye soksi, naijaribu kwanza shavuni kwangu, kama nasikia raha basi na yeye atasikia raha, nashikilia kwenye sikio dakika moja mpaka mbili. Sikio likishakuwa la moto napaka vaselini kidogo sana, iwe kama haipo, ile inafanya damu isimame kama shanga badala ya kutambaa kwenye manyoya. Nyuma ya sikio naweka pamba, vinginevyo sindano inapita mpaka kidole chako (nimeshajichoma). Stripu inakuwa tayari kwenye mashine, naigusisha tu kwenye tone, inanyonya yenyewe. Alafu nabana na pamba nusu dakika ili pasivilie. Spiriti nimeacha, harufu yake inamkimbiza na ikiwa haijakauka inaharibu kipimo, natumia kitambaa na maji ya uvuguvugu.

Kingine ni mashine yenyewe. Kuna asubuhi iligoma ikaonyesha alama ya kipimajoto, kumbe nayo ilikuwa ya baridi sana. Saivi nalala nayo karibu na mto.

Na baada ya kupimwa anapata kipande cha kuku wa kuchemsha, kila mara, hata kama kipimo kimeshindikana. Nikishika soksi tu siku hizi anakuja mwenyewe kukaa kwenye kanga ya Mama, jamani nilitaka kulia.

Ijumaa 13 Juni

27.3. Nikashtuka nikataka kumpigia daktari hapo hapo, Mama akauliza ulikuwa unafanya nini kabla. Nilikuwa namenya papai. Nikanawa kwa sabuni, nikafuta sikio, nikarudia: 16.1. Yaani majimaji ya papai kwenye kidole changu yameingia kwenye tone la damu, na tone lenyewe ni dogo hata nusu ya mikrolita halifiki, kwa hiyo sukari kidogo tu inatosha kulidanganya. Kuanzia leo kunawa mikono ni lazima, na kwenye daftari naandika mambo manne pembeni ya kila namba: saa ngapi, kala saa ngapi, kachomwa insulini saa ngapi, na hali yake, katulia au kakasirika. Namba tupu nimeacha kuandika.

Jumapili 15 Juni

Tone moja, stripu mbili: 14.8 na 16.3. Nikadhani mashine mbovu. Kusoma zaidi nikakuta kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka vipimo 95 kati ya 100 viwe ndani ya asilimia 15 juu au chini ya namba ya maabara (sukari ikiwa chini ya 5.6 ni tofauti ya 0.83). Maana yake 15 yangu inaweza kuwa 13 au 17 na mashine ikawa nzima kabisa. Nimepumzika sana moyoni, wiki mbili nilikuwa napandisha presha kwa tofauti ya pointi moja.

Ila box jipya la stripu nililonunua duka moja la dawa mjini nililipima na yale maji ya kuhakiki mashine likatoa namba nje ya kiwango kilichoandikwa kwenye kichupa. Lilikuwa limepangwa dirishani juani. Nimelirudisha, wamenibadilishia, lakini ningekuwa sijahakiki ningekuwa namchoma insulini kwa namba za uongo.

Jumatano 18 Juni

Tumeenda kliniki. Nilibeba mashine, daktari alipotoa damu ya mshipa nikaomba tone: mashine 14.2, maabara 16.9. Daktari akanieleza vizuri sana. Kwa binadamu sukari ya damu imegawana, kama asilimia 58 iko kwenye plazima (yale majimaji ya damu) na 42 ndani ya seli nyekundu, kwa paka 93 iko kwenye plazima na 7 tu ndani ya seli. Mashine ya binadamu inahesabu kwa mgawanyo wa binadamu, kwa hiyo kwa paka mara nyingi inasoma chini ya ukweli. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama kama AlphaTrak lakini stripu zake ningehangaika kuzipata. Akasema baki na hiyo hiyo, usichanganye mashine mbili, usianze kujumlisha jumlisha, tutaangalia mwendo. Dozi imepanda mpaka uniti 2.

Jumanne 24 Juni, usiku

Mikono bado inatetemeka. Saa tano usiku Kaniki kalala, nimemwita hajanyanyua kichwa vizuri, nikampima, 3.1, sukari imeshuka mno. Nikarudia, 3.4. Nikampaka asali kwenye fizi, nikampa chakula, nikapima baada ya dakika 20, 5.2, baada ya saa moja, 7.9, nikakaa naye mpaka saa tisa. Daktari kapokea simu, Mungu ambariki, dozi imerudi uniti 1.

Sababu ni mimi. Wiki hii nilimtolea ugali kabisa, nikampa dagaa na nyama tupu maana nimesoma wanga kidogo unamshusha paka sukari. Ni kweli unashusha, lakini nilibadilisha chakula siku chache baada ya dozi kupanda na daktari sikumwambia. Kama una paka anachoma insulini usiguse chakula kimya kimya, tafadhali.

Jumatatu 7 Julai

Sabasaba, hamna kazi, nimekaa nyumbani kutwa nikafanya ile picha ya siku nzima, kupima kila baada ya saa mbili kuanzia kabla ya dozi ya asubuhi. Saa 1 asubuhi: 17.2, saa 3: 15.0, saa 5: 11.8, saa 7: 9.1, saa 9: 8.4, saa 11: 11.3, saa 1 usiku: 15.9. Stripu 8, moja tu imepotea. Nimeichora kwenye karatasi ya mraba ya mtoto, inashuka kama bonde na kupanda tena, hakuna mruko wa ajabu hata mmoja. Ningeenda kliniki nikampima asubuhi tu ningeambiwa 17 na dozi ingepandishwa, wakati saa 9 alasiri ameshafika 8.

Jumamosi 12 Julai

Daktari kaangalia mchoro kasema tubaki uniti 1 wiki mbili, chakula hiki hiki, tuchore tena. Uzito 5.0. Leo asubuhi 13.6, sikio la kushoto, tone la kwanza. Bakuli la maji la jana limebaki nusu. Stripu zimebaki 11, Jumatatu naenda kununua, na za Mama pia.