Ana Ufunguo Wake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuendelea na somo letu la kufunga na kuomba. Nilishaandika nusu nzima. Nimeiweka kando, maana kila nikiifungua niendelee, mawazo yananirudisha kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

Jumanne nilitangulia kufika nyumbani. Nilikuwa nimechoka ule uchovu mnaoujua wengi wenu, wa kusimama kwenye foleni muda mrefu kuliko muda uliofanya kazi yenyewe. Nikaoga, nikapanda kitandani na simu yangu. Mke wangu alikuwa zamu ya jioni. Ilipopita saa nne usiku nikasikia viatu vyake ngazini. Mtu unayeishi naye unamjua kwa viatu. Ufunguo ukaingia, ukazunguka. Ukazunguka tena. Mlango haukufunguka. Akabisha mara mbili, taratibu, kama mtu asiyetaka kuwaamsha majirani.

Nikasema moyoni: si ana ufunguo wake?

Kisha usingizi ukanichukua kidogo. Niliposhtuka nikaenda mlangoni, na hapo ndipo nikaona komeo. Nilikuwa nimelisukuma mwenyewe nilipoingia, kwa mazoea, kama mtu anayeishi peke yake. Ufunguo wake usingefaa kitu hata angezungusha mpaka asubuhi. Nikafungua, hayupo. Mlango wa pili ulikuwa wazi kidogo, na yule mama jirani, ambaye kwa miaka mitatu tumesalimiana naye kwa kutikisa kichwa tu, akachungulia akasema, "Mwanangu, mwenzio yuko huku." Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni cha watu, viatu kavishika mkononi.

"Nilidhani umelala," akasema.

"Nilipitiwa," nikamjibu.

Hakuna aliyegomba. Tulilala. Asubuhi kila mtu akatoka kwa saa yake.

Najua wengi mmeshakimbilia Ufunuo 3:20, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Ngojeni kidogo. Andiko hilo tumelihubiri mpaka limekuwa laini, tunasema amina kabla mhubiri hajamaliza. Mimi lililonishika ni lingine, tusilolisoma sana kanisani kwa sababu ya aibu zetu: Wimbo Ulio Bora, sura ya 5. Mpendwa amekuja usiku, kichwa kimelowa umande, anabisha. Aliye ndani amelala, lakini moyo wake u macho. Anasikia vizuri. Anaijua sauti. Na jibu lake ni hili: "Nimeivua kanzu yangu, niivaeje? Nimeitawadha miguu, niichafueje?"

Nililisoma Jumatano nikiwa safarini kazini, nikafunga Biblia. Miguu! Mtu anakuacha nje usiku kwa ajili ya miguu iliyokwisha kuoshwa. Hamchukii. Hajampata mwingine. Kachoka tu, na kitanda kimeshapata joto.

Endeleeni na sura hiyo muone. Baadaye moyo wake unamsukuma, anainuka, anashika komeo na mikono inayochuruzika manemane. Manukato yote hayo, yamefika komeoni yakiwa yamechelewa. Anafungua, mpendwa amegeuka, ameondoka. Anamtafuta, hamwoni. Anaita, haitikiwi. Anatoka kuzunguka mjini usiku, na walinzi wa mji wanamkuta wanampiga, wanamjeruhi, wanamnyang'anya shela yake. Huo ni mji, ndugu zangu. Mji haukujali kwamba wale wawili wanapendana. Wapendanao walikosana kwa dakika chache za uvivu, na aliyetoka peke yake mji ukampokea kwa kipigo.

Nimekuwa nikifikiri juu ya funguo. Tulipooana, jambo la kwanza tulilofanya tulipopata chumba chetu ni kuchonga ufunguo wa pili. Tulifurahi sana siku ile. Ufunguo wako huu, wangu huu. Na ni lazima iwe hivyo. Mji mkubwa hauwapi watu saa moja ya kurudi nyumbani. Lakini tangu siku ile hakuna tena aliyemfungulia mwenzake mlango. Kwa nini umfungulie? Ana ufunguo wake. Ana simu yake, akikwama atapiga. Ana akaunti yake, akipungukiwa atasema. Ana marafiki zake wa kazini wa kumsikiliza. Tumejitoshelezana kiasi kwamba tunaweza kukaa ndani ya nyumba moja kama wapangaji wawili wenye heshima.

Alhamisi nilitafuta risiti fulani kwenye ujumbe wetu wa simu. Nikarudi nyuma, nikarudi, nikapita wiki tatu. Umelipa umeme? Maji yamekatika, kinga yakirudi. Mwenye nyumba kapiga. Nimechelewa, usinisubiri. Sawa. Sawa. Poa. Risiti niliipata, ila niliendelea kusoma, nikitafuta sentensi moja tu ambayo nisingeweza kumtumia fundi bomba. Sikuiona mpaka nilipofika kwenye siku ya kuzaliwa kwake.

Na hatuna ugomvi! Hilo ndilo linalotisha. Watu wanatuona Jumapili tumekaa benchi moja, tunaimba, wazee wanatutolea mfano kwa vijana. Mbweha wadogo ndio waharibuo mizabibu, na tena Maandiko yanasema wanaiharibu wakati mizabibu inachanua, siyo ikiwa imekauka. Ndoa changa ndiyo inayochanua. Usisubiri uone simba.

Mtume Paulo anatuagiza jua lisichwe na uchungu wetu bado haujatutoka. Waefeso 4:26, tumelikariri wote kwenye mafundisho ya kabla ya ndoa. Sasa niambieni, sisi tunaoishi kwa zamu, jua linapotuchwea kila mtu yuko wapi? Mmoja yuko kazini, mwingine kabanwa ndani ya basi. Jua linazama, uchungu upo, na mwenye kuusababisha yuko upande wa pili wa mji. Tukifika nyumbani mmoja keshalala. Kwa hiyo uchungu unalazwa, unaamka nao asubuhi, unapiga mswaki nao. Ukifanya hivyo siku nne unakuwa umeshausahau kwa jina, umebaki na uzito tu. Na mstari unaofuata unasema msimpe Ibilisi nafasi. Nafasi anayoitafuta si kubwa. Unene wa mlango unamtosha.

Mara nyingine tunausingizia mji. Tunasema tungekuwa kijijini mambo yangekuwa mengine. Lakini mnawakumbuka Akila na Priskila. Walikuwa wanakaa Rumi, mji mkubwa kuliko yote ya siku zile, Kaisari Klaudio akawafukuza Wayahudi, wengi wanaukadiria mwaka wa 49. Wakaenda Korintho, mji wa biashara wenye bandari mbili, wakaanza upya na kazi yao ya kushona mahema, na Paulo akawa mgeni wao. Baadaye Efeso. Baadaye tena Rumi, maana Paulo anawasalimu huko katika Warumi 16. Kuhama juu ya kuhama, maisha ya mashine na sindano, na kanisa likikutana nyumbani kwao. (Mashine nimeiongeza mimi, wao walishona kwa mkono.) Agano Jipya linawataja mara sita. Nimehesabu. Hakuna hata mara moja ambapo mmoja anatajwa bila mwenzake. Wakati mwingine mume anatangulia, wakati mwingine mke, lakini ukimwona mmoja geuka, mwingine yupo. Sisi wengine, mtu akitaka kumsalimia mwenzio inabidi umwambie, "Nitamfikishia nikimwona."

Hapa niseme neno kwa viongozi wenzangu, na nisieleweke vibaya, maana hata mimi nimo. Tunawaua hawa watoto. Vijana wakioana tu, wiki ya tatu tumeshawagawana: bwana harusi anaingizwa kwenye kamati ya ujenzi, bibi harusi kwaya ya pili, jioni mbili mazoezi, jioni moja kikao, Jumamosi usafi wa kanisa. Halafu mwaka wa pili tunawaita ofisini kuwauliza kwa nini hawaelewani. Hawaelewani kwa sababu hawajaonana! Torati, ambayo tunaiona ngumu, ilikuwa na huruma kuliko sisi. Kumbukumbu la Torati 24:5: mwanamume aliyeoa mke mpya asitoke kwenda vitani, wala asitwikwe shughuli yoyote, awe huru nyumbani mwaka mmoja, amfurahishe mkewe aliyemtwaa. Taifa lilikuwa na maadui pande zote na bado Mungu akasema, huyu mwacheni, ana kazi nyumbani. Je, kamati yetu ya ujenzi ni vita kubwa kuliko zile? Mzee mwenzangu, ukiona kijana wa mwaka mmoja wa ndoa amekaa kwenye kikao chako saa tatu usiku, mwambie aende zake. Ajenda itasubiri. Na wewe kijana, jifunze kusema, "Samahani wazee, mke wangu anatoka kazini saa hizi." Hakuna aibu ndani yake. Wakikucheka, wacheke.

Wanawake nao wapo wanaofungia mume nje kwa njia zao. Nitaliachia hilo dada zetu walizungumze wenyewe, mimi nimeulizwa habari za mlango wangu.

Na habari hiyo sijaimaliza. Hapo juu nimeandika kwamba usingizi ulinichukua kidogo. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwambia mke wangu, na nilipokaa kuandika, mkono ukaenda wenyewe kwenye maneno yaleyale. Usingizi haukunichukua. Nilisikia kila kitu. Alipobisha nilikuwa nasoma simu, na nilichofanya, wapendwa, niliizima. Nikaizima taa ya simu ili nionekane nimelala. Nikakaa gizani na macho wazi nikisubiri ajifungulie. Niliposikia hatua zake zikiondoka mlangoni ndipo nikakumbuka komeo.

Nimehubiri juu ya ndoa. Mwezi uliopita nimefundisha vijana, nilivaa tai.

Jumamosi nikashindwa. Tulikuwa wote nyumbani, yeye anakunja nguo kitandani. Nikamwambia, Jumanne sikuwa nimelala. Hakuacha kukunja. Akasema, "Najua. Niliona mwanga dirishani ukizimika."

Siku nne alikuwa anajua. Siku nne alikuwa ananiamsha asubuhi kwa upole uleule, ananiwekea chakula kwenye sufuria na kukifunika, anaandika "sawa" kwenye simu, na anajua. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa anangoja aone kama nitamfungulia.

Sikuwa na andiko la kumjibu. Nilipiga magoti pale pale kando ya kitanda, akaniwekea mkono kichwani na soksi bado iko mkononi mwake, akaomba yeye. Mimi sauti haikutoka. Nawashuhudia kwamba Mungu anasamehe, na kwamba alinisamehe kwa mdomo wa mtu niliyemwacha nje.

Sasa nawasihi kwa jambo moja, wala si kubwa. Ukiwa ndani na ukasikia viatu vyake, inuka. Najua umechoka. Najua miguu ni misafi. Inuka hivyohivyo na kanga au bukta uliyonayo, fungua kabla ufunguo haujaingia. Hutahitaji hotuba. Mpokee alichobeba. Mwulize jambo moja ambalo si maji wala umeme. Mkiwa mnapishana kwa zamu kabisa, amka dakika tano za kumsindikiza mlangoni. Usiniambie hukupata nafasi, maana simu ulipata nafasi nayo, na mimi najua kwa sababu ni mimi. Wengine mnaosoma hapa mna uchungu wa mwaka mzima, na dakika tano mnaona ni mzaha. Anzeni nazo. Yule mpendwa wa Wimbo alipotea kwa muda mfupi kuliko huo. Na wewe uliye nje, ambaye umebisha mpaka umechoka na umezoea kiti cha jirani, Bwana anakuona pale ulipoketi. Usiutupe ufunguo. Rudi ubishe tena, tena bisha kwa nguvu, majirani waamke kama ni kuamka.

Jumatatu hii nilijiwekea nadhiri. Ilipofika saa nne nikakaa sebuleni, nimelivuta komeo nyuma, nimesimama karibu na mlango kama askari. Nikasikia viatu. Nikafungua akiwa bado yuko ngazi mbili chini.

Akashtuka, akashika kifua. "Kuna nini? Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki. Akanitazama usoni, akatazama ndani kupita bega langu, akanitazama tena. Kisha akashusha begi lake begani, akanipa.

Sikujua lile begi ni zito kiasi kile.