Mbuzi ya nazi ya mama na gari za mkopo za Marekani

Nianze na jikoni kwetu Kisauni, Mombasa. Mama ana mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mbao ya kukalia, alipewa na bibi alipoolewa, na tangu nipate akili zangu sijawahi kuyaona meno yake makavu. Mwaka huu imekaa wiki sita nyuma ya mlango, makavu kabisa, hadi buibui ameanza kufuma pale kwenye chuma. Sababu ni tuktuk ya kakangu.

Kaka aliichukua kwa mkopo, lipa mdogo mdogo, dipoziti elfu sabini alafu mia nane kila siku kwa miezi 18, logibuku, ile karatasi ya umiliki, inakaa na kampuni mpaka amalize. Mwanzo ilikua sawa, akitoka Kongowea hadi Bombolulu hakosi abiria. Alafu petroli ikapanda, watu wakaanza kutembea kwa miguu, na jirani yetu mmoja akachelewa siku chache tu, usiku wakaja wakaivuta tuktuk yake na zile pesa zote alizokua ashalipa zaidi ya mwaka mzima zikaenda na maji. Basi nyumbani uoga ukaingia. Kilichokatwa kwanza ni nyama, kisha nazi. Siku moja nikalalamika wali mkavu, mama akaniambia, "Nazi tutaila, mwanangu, lakini tuktuk ikichukuliwa hata chumvi tutakopa."

Sasa mimi napenda sana historia, na miezi hii nimekua nasoma mambo ya Marekani baada ya vita vya kwanza vya dunia, ile miaka ya 1920, na wallahi nimemkuta mama humo ndani.

Kwanza ujue gari ilivyokua rahisi. Ford Model T ilipotoka 1908 bei yake ilikua kama dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 ile ya bei ya chini kabisa ilikua dola 260. Siri ilikua kiwandani Highland Park, pale Michigan, gari ndio inatembea kwa mnyororo mfanyakazi amesimama pale pale anafanya kazi moja tu siku nzima, mpaka kuunga gari moja kukashuka kutoka masaa zaidi ya 12 hadi kama saa moja na nusu. Kazi ilikua inachosha vibaya, watu wakiacha kila siku, ndio 1914 Henry Ford akatangaza dola 5 kwa siku. Mpaka wanasimamisha kuitengeneza 1927 zilikua zimetoka zaidi ya milioni 15.

Lakini Ford mwenyewe alikua hapendi deni. Alitaka mtu aje na pesa zake mkononi. Wenzake wa General Motors walifikiria tofauti, 1919 wakaanzisha kampuni yao ya kukopesha, GMAC, ukaambiwa toa dipoziti uende na gari leo. Ford akajibu 1923 na mpango wake, unaweka dola 5 kila wiki, zikitimia ndio unapewa gari. Haukushika. Mimi hapa namuelewa yule mteja kabisa, nani anataka kulipia gari miezi na miezi huku anatembea kwa miguu na jirani anapita akipiga honi? Mwisho Ford naye akasalimu amri, 1928 kampuni yake ikaanza kukopesha. Wakati huo zaidi ya nusu ya gari zilikua zinanunuliwa kwa mkopo, na si gari peke yake, redio, friji, mashine ya kufulia, fanicha, vyote mdogo mdogo.

Alafu Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Kila anayeelezea ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 anaanzia hapo na mara nyingi anaishia hapo hapo, na mimi hilo halijawahi kuniingia akilini, manake Wamarekani wengi hawakua na hisa hata moja. Fundi wa Detroit ama mkulima wa Kansas hisa za New York zinamhusu nini mpaka aache kununua viatu?

Jibu nililopata ni la mwanauchumi anaitwa Martha Olney, na ndilo lililonifanya niandike hii. Anasema angalia masharti ya ule mkopo. Kwa gari, kawaida ulikua unatoa karibu theluthi moja ya bei mwanzoni, iliyobaki unamaliza kwa mwaka mmoja hivi. Na ukikosa malipo gari inachukuliwa, na kila senti uliyolipa inapotea. Sasa piga hesabu, mtu amebakisha miezi mitatu, kibarua kimepungua siku, atafanya nini? Hawezi kuacha kulipa, itakua amewapa gari na pesa. Kwahivyo 1930 familia zenye madeni zikang'ang'ana kulipa na kukata kila kitu kingine. Deni likalipwa, lakini duka la nguo likakosa wateja, likafuta wafanyakazi, na wale wafanyakazi nao walikua na marejesho yao. Kufikia 1933 karibu mmoja katika kila wafanyakazi wanne hakua na kazi. Machi 1932 maelfu wakaandamana kwa baridi hadi kiwanda cha Ford pale Dearborn kuomba kazi, polisi na walinzi wa kiwanda wakawapiga risasi, watu wanne wakafa siku hiyo na mwengine baadae kwa majeraha.

Niliposoma hapo nilimkumbuka yule mama anayetuuzia nazi Kongowea. Alikua anajua hatua za mama, akimuona tu anaanza kugonga nazi kuchagua nzuri. Wiki iliyopita nimepita ananiuliza, "Mamako mgonjwa?" Nikakosa la kusema. Sisi hatujamkosea na yeye hajatukosea, lakini ile mia nane ya kaka imepita kwenye meza yake pia, na pale Kisauni nyumba zenye tuktuk za mkopo ni nyingi.

Na masharti yanaweza kubadilika, hilo ndilo linalonichoma. Uchumi wa Marekani ulipoyumba tena 1938, kushindwa kulipa kulikua hakumuangamizi mtu kama zamani, na safari hiyo wenye madeni wengi waliacha gari ichukuliwe wakaendelea kununua chakula. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni mkataba. Mtu aliyelipa miezi 15 kati ya 18 kuchukuliwa tuktuk yake sawa na aliyelipa mmoja, huo ni wizi, na silioni jina lingine.

Jumamosi usiku nimemwambia kaka atoe mkataba wake, stima zilikua zimepotea, tukausoma kwa tochi ya simu, mama amekaa pembeni anasikiliza. Kurasa sita, mara mbili. Tulikua tunatafuta sentensi moja tu, ikichukuliwa na kuuzwa, kile kinachozidi deni kinarudi kwa nani. Haimo.