Heshi za nywila kwenye Ubuntu: zipange kabla msimu wa korosho haujaanza

Minada ikishaanza, kompyuta ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) haina nafasi ya kufanyiwa majaribio. Makarani wanapokezana, foleni ya wakulima iko mlangoni. Anayetunza mashine za Linux Tandahimba, Newala au Ruangwa afanye kazi hii mapema.

Linux haihifadhi nywila yenyewe, huhifadhi heshi yake (alama inayokokotolewa kutoka kwenye nywila, isiyoweza kurudishwa kuwa nywila) ndani ya /etc/shadow. Mwizi anaweza kuipata faili hiyo kwenye diski kuukuu iliyouzwa bila kufutwa, au kwenye flashi ya chelezo, kisha akakaa kwake akibahatisha nywila bila kuonekana. Heshi nzuri humchelewesha. Tazama kwanza ulichonacho:

sudo cut -d: -f1,2 /etc/shadow | cut -d'$' -f1,2

Ukiona $1, hiyo ni heshi ya MD5, njia ya zamani, haifai tena. $6 ni SHA-512, kwa kawaida ukokotoaji hurudiwa mizunguko 5000. Si mbovu, ila haihitaji RAM nyingi, kwa hiyo kadi ya michoro hujaribu nywila nyingi kwa mpigo. $y ni yescrypt, iliyo chaguo la kawaida tangu Debian 11 na Ubuntu 22.04. Katika kiwango chake cha ugumu cha 5, kila jaribio hula takriban MB 16 za RAM, na hilo ndilo linaloipunguza kasi kadi ya michoro.

Ili kubadili aina ya heshi, wengi huhariri ENCRYPT_METHOD ndani ya /etc/login.defs, halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika. Kwenye Ubuntu, amri ya kubadili nywila, passwd, hufuata PAM (mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji). Nakili kwanza /etc/pam.d/common-password, kisha tafuta mstari wa pam_unix.so:

password [success=1 default=ignore] pam_unix.so obscure yescrypt

Kama kuna sha512, andika yescrypt mahali pake. Maneno mengine yaache. Ukiongeza rounds=6 mwishoni, kiwango kinapanda hadi 6 na RAM inayotumika inakuwa maradufu, MB 32. Mashine ya GB 2 ibaki na 5, inatosha kabisa.

Fungua terminali ya pili yenye sudo -s na usiifunge. Badilisha nywila ya akaunti moja ya majaribio, rudia amri ya juu, uone $y. Usiruke hatua hii: mstari ukiwa na kosa, passwd inaweza kukataa, na hapo mtu uliyemlazimisha kubadili nywila hataweza kuingia kabisa.

Heshi za zamani hazijigeuzi. Mashine iliyopandishwa kutoka Ubuntu 20.04 itabaki na $6 hadi kila mtumiaji abadili nywila. Mlazimishe kwa sudo chage -d 0 jina, watu wachache kwa siku. Akaunti ambayo skripti huitumia kutuma mafaili kwa SSH ibadilishe mwenyewe kwa passwd, la sivyo utumaji utakwama. Na usihamishie mistari ya $y kwenye seva ya Ubuntu 18.04, haiifahamu, itakataa hata nywila sahihi.

Ofisi inayoshirikiana mafaili na Windows kupitia Samba ina kazi moja zaidi. Samba ina hazina yake, passdb.tdb, yenye heshi za MD4 zisizo na chumvi (herufi za nasibu zinazochanganywa na nywila), na haya yote hayaigusi. Nywila ya Samba iwe tofauti na ya kuingilia Linux, na faili hiyo isiwekwe kwenye chelezo isiyofungwa kwa usimbaji.