Saa nne kati ya mgeni na mgeni

Nyumba nyingi za kupangisha watalii, iwe Njiro au Sakina za Arusha, au Shanty Town kule Moshi, zina ratiba ileile: mgeni anatoka saa 4 asubuhi, mwingine anaingia saa 8 mchana. Ndani ya muda huo dada wa usafi atandue, afue, aanike, apige pasi, asugue choo, adeki na atandike upya. Haiwezekani. Mgeni akilalamika kwamba shuka linanuka uvundo, anayefokewa ni dada, wakati kosa ni la mwenye nyumba aliyenunua seti mbili tu za mashuka kwa kila kitanda.

Nunua seti tatu. Moja iwe kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini ikiwa kavu na imeshapigwa pasi. Juni na Julai Arusha huamka na mawingu na baridi, na shuka zito la pamba lililoanikwa saa 5 linaweza kufika jioni pindo zake bado zina unyevu. Likikunjwa hivyo, kuvu huanza humohumo kabatini, na harufu hiyo haiondoki kwa kupuliza manukato. Ni kufua upya. Ukitaka kujua kama shuka limekauka, shika pindo na kona za foronya, maana ndizo za mwisho kukauka.

Pasi nayo si urembo. Maeneo yetu ya joto yana nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini au juu ya nyasi. Funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu na kuota kama jipu. Joto la pasi huua mayai hayo, ila lazima ipite pande zote mbili, pamoja na pindo na zile pembe za shuka lenye mpira wa kubana godoro ambazo wengi huziruka. Taulo pia. Kama hutaki kupiga pasi taulo, zikaushe ndani, kwenye chumba chenye nyavu madirishani.

Wakati wa kutandua ndio wakati wa kutafuta kunguni. Inua godoro, kagua mishono ya kingo zake, nyuma ya ubao wa kichwani na matundu ya skrubu. Unatafuta vidoa vyeusi kama vya wino, ambavyo ukivifuta kwa kitambaa kibichi huacha alama ya rangi ya kutu. Ukivikuta, funga chumba. Usiburute godoro kupita sebuleni. Mashuka yafungwe kwenye mfuko humohumo chumbani, kisha yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Kufua kwa maji baridi hakuwaui. Dawa ya kupuliza mara moja haimalizi kazi kwa sababu mayai hubaki, hivyo mpulizaji arudi baada ya siku 10 hadi 14. Na weka kibao cha kuwekea mabegi ili begi lililotoka safari lisitue kitandani.

Bafuni, kosa kubwa ni haraka. Watu humwaga dawa na kuifuta papo hapo, nayo haijafanya lolote. Kwanza sugua kwa sabuni na suuza, kwa sababu uchafu hula nguvu ya klorini. Halafu paka maji ya klorini: kama lebo ya Jik au dawa nyingine ya aina hiyo inasema asilimia 3.5, changanya mililita 30 kwa lita 1 ya maji, sawa na vijiko 2 vya chakula. Acha dakika 10 sehemu ikiwa bado mbichi, kisha suuza, hasa koki, maana klorini hula chuma. Mchanganyiko wa asubuhi umwagwe jioni. Kesho hautakuwa na nguvu ileile.

Kamwe usichanganye klorini na dawa ya choo yenye tindikali, wala na siki. Wengi hufanya hivyo wakiamini nguvu inaongezeka mara mbili. Kinachotoka ni gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lenye dirisha lililofungwa inaumiza mapafu ya yule dada tunayemtegemea. Kitambaa cha choo kiwe na rangi yake, kisiingie jikoni kwa sababu yoyote.

Vumbi letu la kiangazi linataka mpangilio. Fagio la manyoya hulirusha tu, na nusu saa baadaye limerudi mezani. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo, anza na pangaboi, teremka hadi kwenye kabati, malizia sakafu. Nyavu za madirisha zioshwe kila wiki kiangazi, la sivyo upepo wa jioni utarudisha yote ndani. Wageni walioshuka Mlima Kilimanjaro huja na viatu vilivyojaa tope la Mweka, njia ya kushukia: weka benchi, brashi ngumu na ndoo nje ya mlango, uokoe sakafu nzima.

Vyandarua vyenye dawa visifuliwe kwa kila mgeni. Vimetengenezwa kustahimili kufuliwa takriban mara 20, kwa hiyo nyumba yenye wageni wengi itamaliza dawa ndani ya miezi michache. Vikung'ute nje, kagua matundu, fua kila baada ya miezi mitatu kwa sabuni laini na maji baridi bila klorini, anika kivulini.

Tangi la maji husahaulika kwa sababu liko juu. Kila miezi sita tafuta siku isiyo na mgeni: toa maji, sugua tope la chini, jaza tena, weka lita 1.5 za klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato kwa kila lita 1,000. Fungua kila koki mpaka usikie harufu, funga, acha saa 24, mwaga yote na suuza. Floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi) iliyo kwenye maji ya sehemu nyingi za Arusha haiondoki kwa klorini wala kwa kuchemsha, kwa hiyo maji ya kunywa ya mgeni yawe ya chupa.

Jikoni ni fupi: sponji mpya kwa kila mgeni, na mipira ya mlango wa friji ifutwe kwenye mikunjo yake.

Madirisha yaachwe wazi tangu saa 4 asubuhi ili godoro lipate hewa, kitanda kitandikwe mwisho kabisa. Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) usiku atafika kwako mbu wameshaamka, hivyo kufikia saa 12 jioni madirisha yafungwe na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.