Sifuri Mahali pa Moja

Kwa muda wa wiki tano hivi, mimi na mwenzangu tuliamini kwamba uzi wa tatu wa gitaa lake ulikuwa mbovu. Tuliujadili kama watu wanavyoujadili ugonjwa wa ndugu wa karibu, na yeye akaubadilisha mara mbili, ilhali kasoro yenyewe ilikuwa imelala mbele ya macho yetu, kwenye karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Wote wawili tulipiga muziki kwa kujifurahisha tu. Mimi nilikuwa na kinanda cha umeme chenye vibao 61, ambacho nilianza kujifunza nikiwa tayari mtu mzima. Yeye alikuwa na gitaa la nyuzi za nailoni na vidole vyepesi kuliko vyangu, lakini hakujua kusoma noti. Alijifunza kila kitu kwa sikio na kwa tablatura, yaani ule mwandiko wa mistari sita inayosimama badala ya nyuzi sita, ambamo namba humwonyesha mpigaji akandamize freti ipi, yaani kipi kati ya vile vijiti vilivyokatiza shingo ya gitaa, na sifuri humaanisha kwamba uzi upigwe ukiwa wazi. Mwandiko huo yeye aliufupisha akauita "tabu", na kila nilipomfikia na karatasi mkononi aliniuliza, "Mwalimu, leo umeniletea tabu gani?" Jina la Mwalimu lilikuwa la utani, nami sikulichukia hata kidogo. Kwa kuwa nilijua mistari mitano ya noti na funguo zake, nilijiona nimemzidi, ingawa aliwahi kunikumbusha kwa upole kwamba wapiga luti, ala ya nyuzi ya jamii ya gitaa, wa Ulaya wa karne ya 16 walisoma tablatura na hakuna aliyewaita wajinga.

Kipande tulichokuwa tunapambana nacho ni Invensheni ya 13 ya mtunzi Johann Sebastian Bach, ile ya ngazi ya A maina. Ina vipimo, yaani vile vigao vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima, 25 tu na huisha kabla ya dakika mbili, kwa hiyo mtu akiitazama karatasini huidhania kazi ya jioni moja. Ugumu wake ni kwamba haina wimbo na msindikizaji. Ina sauti mbili zenye hadhi sawa, moja ikianza kusema nyingine inaidakia maneno yale yale chini yake, kisha zinabadilishana zamu, na hakuna mahali ambapo mkono mmoja unapumzika kwa kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, za kujazia. Bach alitunga invensheni 15 za namna hii, na katika nakala safi ya mwaka 1723 aliandika kwamba zimekusudiwa wapenzi wa kinanda, hasa wenye hamu ya kujifunza, wapate kupiga sauti mbili kwa usafi. Hapo nilijisikia nimetajwa. Kisha nikasoma kwamba vipande hivyo vilikuwamo kwanza katika kitabu alichoanza kumwandikia mwanawe Wilhelm Friedemann mwaka 1720, mtoto akiwa na umri wa miaka 9, nikakifunika kinanda kwa siku tatu.

Adui yangu alikuwa mkono wa kushoto. Kila mkono ukiwa peke yake ulikwenda vizuri, lakini nikiikutanisha, wa kushoto uliacha kazi yake na kuanza kumfuata mwenzake kama mtoto anayemwiga kaka yake. Nilipunguza mwendo hadi mapigo 44 kwa dakika, nikahesabu kwa sauti, nikapiga nusu kipimo mara ishirini kisha nusu inayofuata, na bado. Mwenzangu, ambaye alikuwa ameyasikiliza mateso hayo kwa muda mrefu, ndiye aliyesema, "Basi nipe mimi huo mkono wako wa kushoto."

Wazo lilikuwa zuri mno kukataliwa. Mimi ningepiga sauti ya juu kwa mkono wa kulia, yeye angepiga ya chini kwa gitaa. Ni kweli kwamba kwa kufanya hivyo tuliukwepa mtihani wenyewe aliokusudia mtunzi, lakini tulijifariji kwamba naye gitaa lilimpa mtihani wake. Sauti ile hurukaruka, na kile ambacho kwenye kinanda ni kufungua kiganja tu, kwenye gitaa ni kuvuka kutoka uzi wa tano hadi wa tatu na kurudi, huku vidole viwili vya mkono wa kulia vikipokezana bila kukosea zamu.

Kilichobaki ni kuihamisha sauti ya chini kutoka kwenye ufunguo wa besi, yaani mwandiko wa noti za chini, ambao hata wapiga gitaa wanaosoma noti huwa hawautumii, na kuiweka katika namba zake. Nilifanya kazi hiyo jioni mbili. A maina haina alama yoyote ya kupandisha noti mwanzoni mwa mstari, kwa hiyo G inapotakiwa kupanda nusu toni, alama ya shapu huandikwa papo hapo mbele yake, na nguvu ya alama hiyo hudumu mpaka mwisho wa kipimo. Kanuni hiyo niliijua, na ningeweza kumfundisha mtu mwingine bila kufungua kitabu. Hata hivyo, katika kipimo kimoja ambamo G ilitokea mara mbili, ya kwanza ikiwa na alama na ya pili ikiwa haina kwa sababu haikuihitaji tena, mimi niliandika 1 kwenye uzi wa tatu kwa ile ya kwanza, na kwa ya pili nikaandika 0. Usiku ulikuwa umekwenda. Lakini sitaki kuusingizia usiku, kwa maana jioni ile ya kwanza pia sikuwa makini.

Tulipoanza kupiga pamoja, mahali hapo palituudhi tangu siku ya kwanza. Palikuwa kama mlango usiofungika sawasawa: unausukuma, unakaa, kisha unaachama tena. Mwenzangu hakuwa na sababu ya kuishuku namba, kwa kuwa karatasi ilitoka kwa Mwalimu. Aliushuku uzi. Sifuri ni uzi wazi, hauna kidole cha kuurekebisha, na uzi wa tatu wa gitaa la nailoni ndio mnene kuliko ule wa kwanza na wa pili, na kila mpigaji ana malalamiko yake juu yake. Alinunua seti mpya, akalalamika kwamba nayo ni mbaya, akanunua nyingine.

Mimi nilizidisha ubaya kwa elimu yangu. Nilimweleza kwamba yeye hulinganisha nyuzi kwa sauti za kengele, zile nyembamba zinazotoka uzi ukiguswa tu bila kukandamizwa, za freti ya 5 na ya 7, na kwamba kengele ya freti ya 7 hutoa umbali safi wa noti tano, ambao hautofautiani na ule wa kinanda changu isipokuwa kwa takriban sehemu mbili za mia za nusu toni, tofauti ambayo hujikusanya kadiri anavyotoka uzi mmoja kwenda mwingine. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli kabisa, na hayakuhusiana hata chembe na tatizo letu. Aliyapokea kwa heshima na kuanza kulinganisha kila uzi kwa kinanda. Mlango ukaendelea kuachama. Hatimaye alihisi labda ukucha wa kidole cha kati unaukwaruza uzi vibaya, akazikata kucha za mkono wa kulia, ambazo kwa mpiga gitaa wa namna yake ni mali inayochukua wiki nyingi kukua.

Jioni ya kujulikana kwa jambo hili alikuja na subira iliyokwisha. "Leo tusizunguke," alisema. "Bonyeza noti ya pale pale, kama ilivyo kwenye kitabu chako, uishikilie mpaka niufikishe uzi." Nilifungua kitabu, nikatazama kipimo, na kidole changu, ambacho kilikuwa na akili kuliko kalamu yangu, kikaenda moja kwa moja kwenye G shapu.

Akaanza kuzungusha kigingi. Alizungusha, akasikiliza, akazungusha tena. "Mbona uko mbali hivi?" aliuliza. Nikamjibu kwamba nailoni mpya hulegea kwa siku kadhaa, jambo ambalo nalo ni la kweli. Akaendelea hadi sauti mbili zikawa moja. Tukapiga kipimo kile, kwa mara ya kwanza mlango ukafunga, tena kwa utulivu ambao ulitufanya tutazamane na kucheka. Nikasema turudi mwanzo.

Hatukwenda mbali. Alipofika kwenye A ya kwanza aliyoipiga kwenye uzi wa tatu, freti ya pili, gitaa lililia kilio ambacho hakuna hitilafu ya kucha inayoweza kukieleza. Aliweka kiganja juu ya nyuzi zote, akanyamaza kidogo, kisha akauliza polepole, "Mwalimu, ulibonyeza noti gani?"

Nitasema ukweli kuhusu dakika ile, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka kuliko muziki wenyewe. Nilipoitazama karatasi na kuiona sifuri yangu, jambo la kwanza lililonijia halikuwa kuomba radhi. Nilitafuta kwanza kama kuna namna yoyote ambayo kosa lingeweza kuwa la msomaji. Haikuwapo. Sifuri ilikuwa ya duara, imeandikwa kwa mwandiko safi, bila hata mkwaruzo wa kusingizia. Nikaishika kalamu nyekundu, nikaandika 1 juu yake, nikamwambia, "Hapa nilikosea mimi."

Hakugomba. Alihesabu tu kwa vidole: seti mbili za nyuzi, wiki tano, halafu akanyoosha mkono wa kulia mbele yangu. "Na kucha zangu nilizikata kwa ajili ya sifuri yako." Sikuwa na la kusema, nikaushika mkono ule, tukacheka mpaka kicheko kikatuishia.

Kusahihisha karatasi kulichukua sekunde moja, lakini kidole kilichokwisha kuizoea sifuri hakikusahihishika hivyo. Alilazimika kuanzia noti mbili kabla ya mahali pale, kwa mwendo wa kutambaa, kisha kipimo kimoja kabla, kisha viwili, na siku alizodhani amepona alijikuta katikati ya mwendo wa kawaida ameuacha uzi wazi tena. Aliniambia kwamba kujifunza kipande kizima kulimchosha kidogo kuliko kuiondoa noti ile moja.

Tulikipiga mbele ya marafiki tisa, chumbani, kwa mapigo 66. Nilikaa kwenye kinanda nikiwa na hofu moja tu, nayo haikuwa ya sauti yangu. Kipimo kile kilipokaribia, masikio yangu yote yalihamia kwenye gitaa. Kidole chake kilishuka kwenye freti ya kwanza kwa usahihi kamili, G shapu ikalia, nami kwa furaha ya kuisikia nikapotea. Mkono wangu ulisimama hewani. Yeye hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Aliibeba sauti ya chini peke yake kwa vipimo viwili, mpaka nilipoona pa kuingilia, na tukaifikia A ya mwisho kwa pamoja.

Baadaye msikilizaji mmoja alituambia kwamba alichopenda zaidi ni pale ambapo kinanda kinanyamaza na kuliacha gitaa peke yake, akauliza ni nani aliyebuni jambo hilo. Mwenzangu alinioneshea kidole chenye ukucha mfupi.

"Ni huyu," alisema. "Yeye ndiye aliyenakili."