Wakili Anatakiwa Siku ya Kukamatwa, Si Siku ya Hukumu

Kazi yangu ya kuchapa na kutoa nakala hapa Mtwara mjini huniletea, pamoja na barua za maombi ya kazi na mikataba ya mashamba, makaratasi ya kesi za dawa za kulevya. Mara nyingi anayeyaleta ni mjomba wa mshtakiwa, kwa kuwa kwetu Wamakonde mjomba ndiye anayebeba mzigo wa mpwa, na mara nyingi huyaleta akiwa amechelewa: hukumu imeshasomwa, mikorosho imeshawekwa rehani, na sehemu ya fedha imeishia kwa mtu aliyejitapa kwamba anafahamiana na wakubwa. Hapo ndipo anapouliza wakili wa rufaa ni shilingi ngapi.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017, haina mzaha. Kosa la kusafirisha dawa hizo lina kifungo cha maisha, na mzigo ukiwa mdogo, kwa mfano heroini isiyozidi gramu 200, sheria inataja miaka 30. Wala msafirishaji si mwenye jahazi peke yake, kwani kuhifadhi, kupeleka, kukabidhi na kuuza vyote vimo. Kijana wa bodaboda anayepewa kiroba Mangaka akifikishe Masasi anaweza kushtakiwa kwa kosa lilelile analoshtakiwa tajiri aliyemtuma, iwapo tajiri huyo atapatikana. Bangi na mirungi navyo vimo.

Siandiki haya kuwapigia debe wauza unga. Mwambao wetu unajulikana. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa mkoani Lindi, na wanaoishi na mtoto aliyezama katika unga hawahitaji kuelezwa madhara yake. Lakini adhabu inapokuwa nzito kiasi hiki, na inapofuata aina na uzito wa dawa kuliko hali ya mtu, kusema mwishoni kwamba hili ni kosa la kwanza, kwamba una watoto wadogo na mama mgonjwa, kunabaki na nafasi finyu mno. Kesi imeshaamuliwa zamani, katika makaratasi ya siku ya kwanza.

Makaratasi hayo nimeyaona kwa macho yangu nikiyatolea nakala. Hati ya ukamataji inatakiwa ieleze kilichokamatwa na iwe na saini za aliyepekuliwa na mashahidi. Katika jalada moja hati ilitaja mfuko mmoja wa salfeti, ilhali taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilizungumzia vifurushi viwili, na hakuna karatasi hata moja iliyoeleza kimoja kiligeukaje kuwa viwili. Mjomba aliyeileta alikuwa ameipita mara nyingi bila kushtuka. Wakili angesimama hapo hapo na kuuliza kielelezo kilitoka kwa nani kwenda kwa nani, kilifungwa lakiri saa ngapi, kilitunzwa wapi na nani aliandika. Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza mnyororo huo wa utunzaji, yaani kumbukumbu ya kila mkono uliopokea kielelezo, na mawakili wanaurejea hadi leo.

Maswali hayo yana wakati wake. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yanatakiwa kuchukuliwa ndani ya saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kisheria, na mshtakiwa anayedai kwamba aliyatoa kwa kipigo anapaswa kupinga pale shahidi anapoomba yapokelewe. Akinyamaza kwa kutojua, rufaani ataambiwa kwamba hilo ni jambo jipya. Nyaraka iliyopokelewa bila kusomwa kwa sauti mahakamani inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu, ila lazima awepo anayelijua hilo.

Katika kesi kubwa, zinazosikilizwa na Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili anayelipwa na serikali. Ninaowahofia zaidi ni wale wa mahakama za chini, ambako miaka 30 inaweza kuning'inia juu ya mtu anayejitetea mwenyewe mbele ya mwendesha mashtaka aliyesomea kazi yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu asiyejiweza apatiwe msaada, lakini ni wachache wanaouomba, kwa sababu ni wachache walioambiwa. Kwa wanaonuna kwamba mawakili wanawatetea wahalifu, ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Na yule tajiri aliyetuma kiroba, naamini, namba ya wakili wake anayo siku zote.

Limebaki jambo la kukiri kwa makubaliano, yaani mshtakiwa kukubaliana na upande wa mashtaka kwamba atakiri kosa, utaratibu ulioingizwa katika sheria mwaka 2019, ambao huko mahabusu Lilungu mahabusu wenzake humshauri mgeni aukimbilie ili apunguziwe adhabu. Utaratibu huo hauruhusiwi pale ambapo thamani ya dawa sokoni inazidi shilingi milioni 20. Kabla ya kukubali chochote, mshtakiwa anahitaji mtu wa kumsomea thamani iliyoandikwa kwenye jalada, kumweleza aliyeikadiria ni nani, na kumwambia kama ushahidi uliopo unastahili kukiriwa.