Darasa la karibu na josho: nilivyowapata vijana wa wafugaji Usangu

Nafundisha shule ya msingi wilayani Mbarali, mkoa wa Mbeya, upande wa bonde la Usangu, ambako mashamba ya mpunga yanapakana na malisho. Pamoja na darasa langu la kawaida nasimamia kundi la MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Wengi wa vijana wangu ni Wabarbaig na Wamaasai wa miaka 14 hadi 18 ambao walikuja kwangu hawajui kusoma. Walimu wenzangu huniuliza imekuwaje hawatoroki, nami naona ni vyema nieleze kwa kirefu.

Kwanza ilinibidi nijue wametoka wapi. Wazee wengi wa Kibarbaig walioko huku asili yao ni Hanang. Miaka ya 1970 malisho yao kule yalichukuliwa na mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali, wakashuka kusini na ng'ombe wao. Huku Usangu nako wakamkuta NAFCO yuleyule na mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kapunga. Mwaka 2006 na 2007 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo Ihefu, kinamasi cha bonde hili, ili kuokoa maji ya mto Ruaha Mkuu. Familia nyingi zikapelekwa Lindi na Pwani, nyingine zikatawanyika. Mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mtu aliyepitia yote hayo akimwona mgeni anaingia bomani na daftari, hawazi shule hata kidogo. Anawaza kwamba ng'ombe wake wanahesabiwa.

Kwa hiyo nilikwenda mikono mitupu, nikiongozana na mama wa Kibarbaig ambaye huwa nanunua maziwa kwake. Yeye ndiye aliyetangulia kuongea. Mimi nilimwamkia mzee wa boma, nikakaa nilipoonyeshwa, nikangoja. Mzee alinisikiliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, kijana akija kwako, ng'ombe wangu atachungwa na nani?"

"Na yeye mwenyewe, baba. Naomba uniambie saa ambayo hana kazi."

Aliwaza kidogo, akaniambia mambo mawili ambayo hakuna semina iliyowahi kunieleza. Moja, siku ya kuogesha mifugo dawa ya kupe, vijana wote hukutana joshoni, na mifugo ikishatoka kwenye dawa inaachwa ikauke kivulini, hapo vijana hawana shughuli. Pili, mpunga ukishavunwa, mifugo huletwa kula mabua mashambani, karibu kabisa na kijiji, kuanzia mwezi wa sita. Septemba mpaka mvua zinyeshe wanakuwa mbali, wakifuata maji.

Hebu tazama hapo. Mwezi wa sita ndio sisi tunafunga shule! Vijana wanapokuwa jirani, mwalimu yuko likizo. Wanapokuwa porini, tunaita majina na kuandika "mtoro". Naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya huo tunaouita utoro wa wafugaji ni kalenda mbili zinazopishana. Nikaongea na mwalimu mkuu, akakubali darasa liwe chini ya mgunga karibu na josho, na kazi nzito tuifanye Juni na Julai. Nilimwomba pia wasidaiwe sare. Walikuja na shuka zao na fimbo zao, na fimbo ziliegemezwa kwenye shina la mti.

Hawa ni vijana wakubwa. Ukimpa wa miaka 16 kitabu cha "baba analima", umemdhalilisha, na kesho humwoni. Nikawauliza ni kitu gani kinawatia hasara kwa kutojua kusoma. Wakataja mizani ya mnadani, kibali cha kusafirisha mifugo, na hati ya kuitwa mahakamani ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa mtu. Lakini kilichowakera kuliko vyote ni chupa za dawa. Ndipo tukaanzia hapo.

Nilikusanya chupa tupu za madukani. OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) ya asilimia 20 dozi yake ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito wa ng'ombe, ikichomwa kwenye msuli. Ivamektini, dawa ya minyoo, ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kila kilo 50, chini ya ngozi. Tukachukua kamba ya kukadiria uzito kwa kupima kifua, tukapima dume mmoja, tukapata kama kilo 250. Nikawaachia ubao. Waligawanya kwa vijiti, kisha kwa chaki: ya kwanza mililita 25, ya pili 5. Kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu aanze kuja alisimama akauliza mbona nyumbani kwao dume kama huyo hupewa 10 tu za OTC. Tukaongea wee kuhusu dozi pungufu, jinsi vijidudu vinavyoizoea dawa, na kwa nini chupa inataja siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Siku hiyo walijifunza kugawanya, desimali na sayansi bila mimi kutamka majina ya masomo. Wiki iliyofuata yule kijana alikuja na baba yake, na baba alikuja na chupa yake mwenyewe.

Kusoma tulianza na maneno yao. Wengi walikuwa wanaongea Kidatooga, lugha ya Wabarbaig, zaidi, Kiswahili cha kubahatisha. Mmoja anasimulia jambo, anayejua Kiswahili anatafsiri, mimi naandika ubaoni vilevile alivyosema, kisha mwenye habari anaisoma. Mtu hasahau sentensi aliyoitoa mwenyewe.

Kwa wasichana hali ni tofauti, na inauma zaidi. Wao hatari yao ni kuozwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na ingawa Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilitamka kwamba jambo hilo linapingana na Katiba, wazazi wengi bado wanaishi kwa ile ya zamani. Tangu 2016 anayemuoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Sheria hiyo ni nzuri na naiunga mkono. Lakini ukifika bomani ukaanza na jela, binti anasafirishwa usiku kwa shangazi yake mkoa mwingine, na ndio basi. Mimi hupitia kwa kina mama. Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao, na mwanamume aliyewakosea linaweza kumtoza faini ya mifugo. Yule mama wa maziwa alilipeleka suala la binti mmoja huko. Sikuruhusiwa kuhudhuria, wala sikuuliza yaliyosemwa. Baba alikuja mwenyewe kuniambia kwamba binti atasubiri mpaka amalize mtihani. Sasa yuko sekondari, na anataka kwenda chuo cha mifugo, kampasi ya Madaba kule Ruvuma. Mwingine alikuwa ameshazaa. Naye amerudi darasani kwa waraka wa serikali wa Novemba 2021 unaoruhusu waliojifungua kurudi shule, mtoto analelewa na bibi yake.

Wavulana wachache tuliwapoteza kwa gongo na ugomvi wa mashambani, na bado nawatembelea makwao.

Ugumu wa sasa uko kwa wanaofaulu. Sekondari ya kata iko mbali na maboma, na masomo ni kwa Kiingereza, lugha ambayo kwao ni ya tatu. Wazazi wamechanga wakapanga nyumba karibu na shule, bibi mmoja anakaa na watoto, na amepewa ng'ombe wawili wa maziwa wa kuwalisha. Tunachotafuta ni taa za sola na mtu wa kuwasaidia Kiingereza jioni. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani Rujewa au Igurusi anangoja matokeo, na afike. Chakula na pa kulala vipo, na maziwa hayakosekani.